Lifti ya Mtani

Abbasi alikuwa mtu wa kusikika kabla hajaonekana. Jumanne ile alipiga honi kuanzia kona ya msikiti mpaka mlangoni kwa Octavian Lugembe, fundi wa kuchomelea pale Isevya, akazima gari, akashuka na kusimama katikati ya vyuma, mikono kiunoni, kana kwamba karakana ni yake na fundi amechelewa kazini.

“Mpagazi wangu hajambo?”

“Hajambo,” Octavian alijibu bila kuinua kichwa. “Kumbe ni wewe. Nikadhani mwali anapita na ngoma yake.”

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao kwa miaka kumi na sita. Octavian alikuwa Mnyamwezi wa Ntalikwa, Mkatoliki, mpole, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Abbasi alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora kufuata asali ya Sikonge, akaoa, akasahau kurudi kwao. Na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa huku walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupita kwenye milango ya mababu wa kule. Mtani hana mipaka. Atakutukana mbele ya mkweo, atakula sahani yako na kulamba kijiko, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Wapita njia waliowasikia walidhani wanagombana. Ukweli ni kwamba nje ya nyumba yake Octavian hakuwa na mtu aliyempenda kama yule mpiga honi.

Gari lilikuwa pikapu ya kijivu, mtumba lakini nzima, aliyoinunua Abbasi kwa ajili ya kubeba ndoo za asali. Alitaka afungiwe keria ndani ya bodi: rafu ya chuma ya kupanga ndoo juu, na chini yake nafasi ndogo ya kusukumia turubai na kamba, inchi kumi zingetosha. Halafu nyuma ya kibini, chumba cha dereva, afungiwe tairi za spea, zisimame wima, zikazwe kwa bolti ndefu.

“Tairi mbili,” alisema. “Siyo moja.”

“Mbili za nini? Unakwenda Kongo?”

Ndipo Abbasi akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa akaeleza ya Jumapili. Alikuwa akitoka ndani huko, mbele ya Sikonge, kwenye barabara ya vumbi, tairi la nyuma likapasuka. Akashusha la spea, nalo halina upepo. Akampata mwenye baiskeli mmoja, akamfungia lile la spea nyuma ya baiskeli alipeleke kuzibwa, na yeye akabaki na gari saa nne nzima, juani, peke yake. Tena mahali penyewe ni pale njia ya zamani ya misafara inapokatisha barabara. Pana lundo la mawe, na kila apitaye hutupia jiwe au jani bila kuuliza sababu.

“Si unajua ni nini pale,” Abbasi alisema. “Wazee wenu. Aliyeishiwa nguvu chini ya mzigo aliachwa hapohapo, wenzake wakagawana mzigo wakaendelea. Basi mimi nimekaa, sina wa kuongea naye, nikamtania yule mzee.”

“Ulimwambiaje?”

“Nikamwambia, mtani, wewe mvivu wewe. Mzigo wa watu utafika lini? Tangu enzi za babu yangu umelala tu hapo. Haya amka, panda nyuma, nitakufikisha.”

Octavian alicheka, na alicheka kwa haki, maana mtani akisema ni lazima ucheke. Abbasi naye akacheka, akajisugua bega la kulia, akamrushia funguo na kuondoka kwa miguu huku akitukana ukoo mzima wa fundi wake kuanzia kwa mama mkubwa.

Octavian alizunguka gari mara moja, kama afanyavyo kwa kila gari kabla ya kuligusa. Alipofika nyuma akasimama. Springi zilikuwa zimelala. Pikapu isiyo na kitu hukaa kinyume chake: matako juu, pua chini, hata barabarani huruka kwa wepesi. Hii ilikaa kama iliyopakiwa. Akafungua mlango wa bodi, akachungulia. Hamkuwa na kitu, hata kipande cha kamba.

Akaingia chini na tochi, akapekua springi ubapa baada ya ubapa. Hakuna uliovunjika wala uliopinda. Akapima upepo wa tairi, upepo sawa. Akapiga jeki, na jeki ikaguna, ikapanda kwa shida, fundi akitoka jasho kama aliyeinua gari la magunia. Alipoishusha, springi zikarudi palepale. Alijiambia kwamba magari ya mtumba yana mambo yake, hujui yalifanyiwa nini huko yalikotoka, akaacha.

Kazi yenyewe aliianza Jumatano asubuhi. Alikata paipu za mraba kwa ajili ya miguu sita ya rafu, akakata vyuma vya pembe vya kuzunguka, akapanda ndani ya bodi kutoboa matundu ya bolti na kulainisha kingo kwa grenda. Jua lilikuwa kali, saa nne hivi. Barabarani wauza mboga walikuwa wakipita, redio ya kinyozi jirani ikipiga kelele. Hapakuwa na chochote cha kumtia mtu wasiwasi. Grenda ilitema cheche, na vumbi la chuma, jeusi na jepesi, likaenea kila mahali, juu ya mikono yake, juu ya viatu, juu ya sakafu ya bodi.

Akazima, akashuka kunywa maji. Aliporudi na kikombe mkononi, akaona.

Vumbi lilikuwa limefunika sakafu yote isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto. Hapo bati lilikuwa safi. Usafi wenyewe ulikuwa na umbo, na Octavian, ambaye kazi yake ni kusoma maumbo, hakuhitaji kuambiwa. Kichwa kilielekea kwenye kibini. Kulikuwa na bega, kulikuwa na nyonga, na magoti yaliyokunjwa ya mtu aliyelala ubavu baada ya kuchoka sana. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba. Vumbi lilikuwa limejikusanya pembezoni mwake kwa mstari mzuri kabisa.

Alisimama pale mpaka mkono ukamuuma kwa kushika kikombe. Kisha akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya: akachukua ufagio, akafagia bodi yote, akawasha grenda na kukata kipande cha chuma kisicho na kazi, makusudi, mpaka sakafu ikawa nyeusi tena. Akazima, akangoja vumbi litulie.

Umbo lilikuwepo. Ila safari hii magoti yalielekea upande wa pili. Alikuwa amegeuka.

Octavian aliogopa. Sina sababu ya kumficha. Aliogopa naye amesimama kwenye jua la saa nne, kinyozi anacheka hatua ishirini kutoka pale. Lakini mteja ni mteja na chuma kilishakatwa. Akaikamata miguu ya rafu ili aijaribu, akiwa na nia ya kumaliza haraka, na hapo akagundua jambo jingine. Walikubaliana inchi kumi. Alikuwa ameandika kumi kwa chaki ukutani, na namba ilikuwa bado ipo. Miguu yote sita aliikata inchi kumi na nane. Akapima tena, akapima mara ya tatu. Inchi kumi na nane ni nafasi ya mtu mzima kulala ubavu, bega lake lisiguse rafu. Hakukumbuka kuamua hivyo. Mikono yake ndiyo iliyokuwa imempimia yule mgeni.

Alhamisi mchana alikuja Amne, mke wa Abbasi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, labda kwa sababu mumewe aliyamaliza yote nyumbani. Alisimama mlangoni mwa karakana, akakataa kuketi.

“Shemeji, mwenzio anaumwa.”

“Anaumwa nini?”

“Bega. Tangu juzi halali. Akilala chali anapiga kelele, kwa hiyo anakesha amekaa. Tumekwenda zahanati, wamemgusa, wamempima, wanasema mfupa mzima, nyama nzima. Wametoa dawa za maumivu.” Akatazama pikapu, akaondoa macho haraka. “Jana kavua shati, nikaona. Nenda ukaone mwenyewe. Na uniambie huko Sikonge alifanya nini, maana mimi haniambii.”

Octavian alifunga karakana akamfuata.

Walimkuta chumbani, ameegemea ukuta, upande wa kulia umeshuka kuliko wa kushoto. Siku mbili tu, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alijaribu kutania. “Mpagazi, umekuja kunibebea?” Sauti ikaishia njiani. Amne akashusha shuka begani mwake.

Hapakuwa na jipu wala uvimbe. Palikuwa na mfereji. Ngozi ilikuwa imebonyea na kuchubuka kwa upana wa mti, kuanzia mbele karibu na shingo mpaka nyuma, na pembezoni palikuwa pamesuguka mpaka pakang'aa. Octavian alikuwa amebeba majeneza mengi ya ndugu na majirani. Alijua alama inayoachwa na mti wa jeneza begani. Ila hizo hupotea jioni ileile, kwa sababu watu hupokezana: huyu akichukua hatua kumi, mwingine anaingiza bega, na yule anatoka. Alama kama hii ingekuwa ya mtu aliyebeba siku nyingi bila kupokewa.

“Una pembe nne,” Abbasi alisema taratibu. “Huu mzigo. Mimi nimeshika moja. Tatu nyingine hazina mtu, Octavian, na bado haudondoki. Nikifumba macho nasikia natembea.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipowasha gari pale.” Akavuta pumzi. “Nilimwambia nitakufikisha. Sikumwambia wapi.”

Amne alipoelezwa yote ya Sikonge alikaa chini sakafuni. Octavian naye alikuwa akifikiri, na alichofikiri hakukipenda. Baba yake mzazi alipozikwa Ntalikwa, Abbasi ndiye aliyekuwa mtani wa msiba. Kaburi lilipokuwa tayari, alishuka ndani, akajilaza kwenye nafasi ya maiti, akasema hapa pazuri, patulivu, hatoki mpaka wafiwa wamlipe faini anayoitaka. Alitaka koti la marehemu. Walimbembeleza, wakamtukana, wakampa koti, akatoka. Hata mama, aliyekuwa amelia siku mbili, alicheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Maiti hushushwa na ndugu, lakini mlango hufunguliwa na mtani, na akishaufungua, msiba umeanza na lazima umalizike.

“Umefungua msiba wa watu,” Octavian alimwambia. “Mtani yupo. Maiti yupo. Wafiwa ndio hawapo.”

“Wafiwa ni nyinyi,” Abbasi alisema. Hakusema kwa utani.

Kujifanya mfiwa wa mtu usiyemjua si jambo la kuchezea. Ukimlilia mtu ni wako. Ukimzika kwenu, ana haki ya kwenu: atakuja ndotoni, ataulizia watoto, atataka akumbukwe kama wengine. Na huyu hakujulikana alikuwa nani, alitoka Unyanyembe au Usumbwa, aliacha nini nyuma, alimkosea nani. Octavian alikuwa na mke na binti wawili. Aliaga, akasema atafikiri, na njiani kurudi Isevya aliona aibu, maana alijua kwamba hafikiri chochote. Alikuwa anakimbia.

Ijumaa alifanya kazi kwa hasira. Alichomelea rafu, akaikaza kwenye sakafu ya bodi kwa bolti kumi na mbili, akiwa amefumba nusu jicho asione kilichoko chini yake. Akasimamisha tairi mbili za spea nyuma ya kibini, moja kushoto na moja kulia, akazipitishia bolti ndefu katikati na kuzibana kwa bamba la chuma mpaka zikawa haziwezi kutikisika hata gari lipite kwenye mashimo ya Sikonge nzima. Ilikuwa kazi safi. Alikuwa akijiambia kwamba akimaliza atamkabidhi Amne funguo, na mengine yatakuwa ya wenye gari.

Alikuwa akifuta mikono pale simu ilipoita. Amne.

“Shemeji, leo hajasimama. Hata kuswali ameswali kwa macho tu.” Alikuwa analia bila sauti, inasikika kwenye pumzi. “Ameniambia nikupigie. Anasema usihangaike. Anasema nikuombe radhi, ulikuwa utani tu.”

Octavian alikaa juu ya ndoo.

Miaka kumi na sita, na Abbasi hakuwahi kumwomba radhi. Hakuomba radhi alipovunja kiti harusini kwake, wala alipomwambia askofu kwamba Octavian hupokea komunyo akiwa na pombe tumboni. Mtani haombi radhi. Mtani anayeomba radhi anaaga.

“Mwambie anyamaze,” Octavian alisema. “Mwambie Mzaramo hana ruhusa ya kufa kwenye msiba wa watu. Kesho asubuhi nakuja kumchukua.”

Jumamosi aliamkia Ntalikwa na jembe. Nyuma ya shamba la marehemu baba yake kuna makaburi ya ukoo, saba, yenye misalaba ya saruji. Alichimba la nane mwenyewe. Udongo ulikuwa mkavu juu na mwekundu chini. Saa tatu alikuwa amefika kifuani, saa nne akamaliza, akaenda mjini kuchukua pikapu, kisha akawachukua Abbasi na mkewe. Njia nzima usukani ulikuwa mzito mikononi mwake, na kila walipopita kwenye tuta gari lililalamika kama lililojaa mchanga. Abbasi alikuwa katikati, kichwa kimeangukia begani kwa Amne. Hakuna aliyetania.

Octavian alirudisha gari kinyumenyume mpaka penye mihogo, hatua kama thelathini kutoka kaburini, akafungua mlango wa bodi. Wakamshusha Abbasi. Alisimama kwa shida nyuma ya gari, mguu mmoja mbele, bega la kulia chini, mkono umeinuliwa umeshika hewa. Alikuwa amesimama vile tangu mzigo umlemee, hata alipokuwa amekaa.

Octavian akavua kofia. Akasema kwa Kinyamwezi, maana hakudhani yule mtu anajua lugha nyingine, kwamba yeye ni mtoto wa Lugembe wa Ntalikwa, na kwamba ndugu yao amefika nyumbani. Kisha akaenda akasimama upande wa pili wa ile hewa, akaingiza bega lake la kushoto, akasema neno ambalo watu wote husema wakipokezana jeneza.

“Nipe.”

Uzito ulimshukia begani. Ulikuwa mti mgumu, wa mviringo, umelainishwa na viganja vya watu. Alisikia harufu ya jasho la zamani na tumbaku. Nyuma yake springi za pikapu zikalia, na matako ya gari yakapanda juu, polepole, mpaka yakakaa panapostahili. Wakaanza kutembea, yeye na Abbasi mbele, na nyuma mzigo ukawa unaburutika, unawavuta. Ndipo Amne akatupa kanga yake ya juu pembeni. Mwanamke habebi jeneza, si kwa dini yake wala kwa desturi ya akina Octavian, lakini Amne aliingiza bega pembe ya tatu, na Octavian akaisikia ikiinuka.

Pembe ya nne nayo ilikuwa juu, imetulia. Walikwenda hatua kwa hatua kati ya mihogo, nayo haikuyumba, na hakuna aliyegeuka kutazama ni nani.

Kando ya kaburi Abbasi alinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu augue. Akasugua bega, akawatazama wote wawili kwa mshangao. Halafu, kabla hawajamzuia, akashuka kaburini, akajilaza ubavu, magoti akakunja, mgongo akawapa.

Amne akamshika Octavian mkono. Octavian akamwambia aache, ndiyo kazi yake. Akainama juu ya shimo, akajaribu kuifanya sauti yake iwe ya mzaha.

“Haya toka, mtani. Umeshaona ni pazuri. Sema unataka nini.”

Njiwa alikuwa akilia kwenye mti wa mbali. Sauti ikatoka chini, taratibu, ya mtu ambaye hajasema kwa muda mrefu.

“Mnazika nani?”

“Ndugu yetu,” Octavian alisema.

“Ndugu yenu ana jina.”

Octavian akafikiri upesi. Akasema anaitwa Samweli.

“Huyo hayupo hapa.”

Akataja jina jingine, la kwanza lililomjia. Likakataliwa vilevile, bila ukali. Abbasi hakuwa amesogea. Octavian aliangalia ubavu wake, na hakuuona ukipanda wala kushuka, na Amne naye alikuwa ameona, kwa sababu kucha zake zilikuwa zimemwingia fundi kwenye nyama ya mkono. Mfiwa hana ruhusa ya kubishana na faini. Hulipa, au mtani hatoki. Octavian alitafuta jina la kutoa. La baba yake lilikuwa limelala kaburi la saba na mwenyewe. Ya binti zake hakuyagusa hata kwa mawazo. Duniani kote jina alilokuwa na haki ya kulitoa bila kumwomba mtu lilikuwa moja.

“Octavian,” alisema. “Octavian Lugembe.”

Ubavu wa Abbasi ukapanda. Akakohoa, akageuka, akaketi ndani ya kaburi na udongo kichwani, akapepesa macho juani.

“Mpagazi, mbona unanikodolea macho? Nimeomba jogoo mara tatu hamnisikii. Nyinyi Wanyamwezi mnazidi ubahili hata msibani.”

Amne alimvuta kwa mikono miwili, akamkumbatia hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamlilia bega. Ngozi ya lile bega ilikuwa nzima. Octavian alijaza kaburi peke yake. Abbasi alikaa juu ya mlango wa bodi, miguu inaning'inia, akimkosoa jinsi anavyoshika jembe, akitikisa tairi za spea kwa mkono na kusema afadhali hizo zimekazwa kuliko akili ya fundi. Octavian alimjibu kila tusi. Alikuwa na furaha, na aliisikia furaha hiyo mpaka kifuani; mtu wake alikuwa hai. Hakuandika chochote kwenye msalaba wa nane. Mkewe alipouliza baadaye, alimwambia ni ndugu wa zamani.

Mwezi umepita. Abbasi anakwenda Sikonge na kurudi, mnene, mwenye kelele, na hajui alikombolewa kwa kitu gani. Octavian hajamwambia, wala hatamwambia, kwa sababu atalifanyia utani jina lile lililotolewa, na mtani akilifanyia utani litaitikiwa.

Ila wateja wa Octavian wameanza kumlalamikia kwamba siku hizi haitiki. Mtu akisimama mlangoni akaita Lugembe, fundi huacha alichoshika, akasikiliza kwanza kama wanamwita yeye. Na mara mbili sasa, kabla hajafungua mdomo, mteja ameshaanza kueleza shida yake, akiwa amegeukia kona ile ya ndani yenye vyuma, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa na kukaribishwa.